Chai ya Mzee Merv

17 Juni
Ng'ombe wa kwanza amezaa, ndama jike, wote salama. Mvua tangu alfajiri.

Msimu huu nitaandika mwenyewe siku kwa siku. Miaka yote Garth, mume wangu, ndiye aliyebeba shamba zima kichwani: nani amezaa, nani ana homa ya maziwa, nani hapigi mateke ila akikamuliwa na mgeni. Tangu kiangazi analala tu. Anaamka kwenda chooni, anarudi kitandani. Daktari wa Colac, mji wetu wa karibu, ameiita sonona. Akampa dawa, akaibadilisha, akaibadilisha tena.

Merv, baba yake, haiiti chochote. Anaishi kijumba cha nyuma na anakula kwetu. Leo alisimama mlangoni mwa chumba chetu, viatu vya mpira vimejaa tope, akasema kana kwamba anaongea na kiziwi: "Mimi nilimzika mama yako Jumanne. Jumatano nilikamua."

Garth aligeukia ukutani.

20 Juni
Wawili wamezaa. Mvua.

23 Juni
Wanne. Upepo wa kusini unakata masikio. Tumekamua mimi na Merv tu. Katikati ya kazi akasema, "Mumeo angekuwa ng'ombe, ningeshampandisha lori la machinjio."

Nikamwambia, "Angekuwa ng'ombe, mzee, ungemwita daktari siku ya kwanza."

Alikoroma kama trekta lililogoma. Simpendi mtu huyu. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema mezani.

27 Juni
Kuna ndama wa mtamba tuliyemnunua kwa kuchelewa. Amezaliwa jana, hasimami. Miguu ya nyuma imekakamaa, anatetemeka, macho makubwa. Merv alimpapasa mapaja akasema, "Nyama nyeupe."

Udongo wetu hauna madini ya seleniamu ya kutosha, na majani yake hayana. Ng'ombe wetu wote hupewa kabla ya kuzaa, lakini huyu mgeni alikosa. Ndama wa namna hii ukimpasua, misuli yake imefifia kama kuku aliyechemshwa. Merv alikwenda kwenye kabati la dawa, ambalo ufunguo wake hauachi shingo yake. Hamruhusu mtu mwingine kupima dawa hiyo, kwa sababu kidogo inaponya na ikizidi inaua. Alimpima ndama uzito, akarudia, kisha ndipo akamdunga. Akakaa naye kwenye majani makavu, kichwa cha ndama kwenye goti lake. Sijawahi kumwona akimshika binadamu hivyo.

30 Juni
Ndama anakimbia. Merv amemwita Betri. Ameniita nitoke nje kwenye mvua nimwone, anacheka kama mtoto.

2 Julai
Tumekwenda Geelong. Kuna utafiti chuoni wa watu wenye sonona ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia, na daktari wa Colac aliwaandikia. Merv alisema anakuja ili aone ni nani anayetaka damu ya mwanawe.

Daktari ni mwanamke mfupi, anaitwa Sunethra Wijeratne. Alikuwa amevaa skafu ya timu ya mpira ya Geelong. Merv, ambaye ni shabiki wa Collingwood, wapinzani wao, tangu tumboni, aliitazama ile skafu kabla ya kumtazama mwenyewe.

Nitaandika alichosema jinsi nilivyokielewa. Ndani ya kila seli ya mwili kuna vinu vidogo vinavyoitwa mitokondria. Vinachukua chakula na hewa, vinatoa nguvu. "Na kila penye moto pana moshi," alisema. "Mwili una wafagiaji wa moshi huo. Kwa baadhi ya watu wenye sonona tunaona nguvu inayotoka ni ndogo, na moshi umewazidi wafagiaji. Unaanza kuchoma seli yenyewe. Hatujui bado kama hilo linaleta sonona, au sonona inaleta hilo. Ndiyo maana tunaomba damu."

Garth alikuwa hajasema neno tangu nyumbani. Akauliza, "Kwa hiyo siyo uvivu?"

"Nani alisema ni uvivu?"

Merv alikuwa anaikunjakunja kofia yake. Kisha yeye akauliza, "Hao wafagiaji wametengenezwa na nini?"

"Vitu vingi, Bwana Tolmie. Baadhi yao wanahitaji seleniamu, kwa mfano."

"Kama ndama."

Daktari alicheka, akapendezwa. "Kwa namna fulani, ndiyo, kama ndama. Lakini mtu anayekula vizuri kwa kawaida anayo ya kutosha."

Wakamtoa damu. Wakampa vidonge vya wiki kumi na mbili. Baadhi ya watu wanapewa dawa na wengine vidonge vitupu, na hakuna anayejua ni nani mwenye nini, hata daktari mwenyewe, mpaka utafiti uishe.

Garth alilia kwenye gari. Hakuficha uso. Merv alikaa nyuma. Tulipopita mji wa Winchelsea akasema, "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema nimechoka, mzee. Nilisema mara ngapi?"

"Kila mtu amechoka. Hukusema ni ugonjwa wa nyama."

Mimi ndiye niliyeendesha. Miezi yote hii nilimtetea mume wangu mbele ya baba yake, na kumbe ndani kabisa na mimi nilikuwa nadhani angejikaza kidogo tu, angeamka. Sasa naambiwa kuna moto umefifia ndani ya damu yake. Sijui niliweke wapi jambo hili.

4 Julai
Asubuhi hii Merv aliingia jikoni, akachemsha maji, akapika chai, akaitia sukari mpaka kijiko kikasimama, akaipeleka chumbani kwa Garth. Nilisimama na mkate mkononi kama niliyeona farasi akipanda ngazi. Mtu huyu hakuwahi kumpikia chai mke wake aliyekuwa akifa.

"Unatazama nini, binti?" akaniuliza.

"Sitazami kitu, mzee."

5 Julai
Watano wamezaa. Sakitu, majani yote yameganda. Merv kapeleka chai.

6 Julai
Merv kapeleka chai. Anasimama pale mpaka Garth amalize.

9 Julai
Garth amekuja bandani! Amekamua safu mbili, akarudi kulala, lakini amekuja. Merv alinikonyeza juu ya mgongo wa ng'ombe. Labda vidonge, labda kuonewa huruma na baba yake mara ya kwanza maishani. Nimeanza kumpenda mzee huyu. Naandika hili pia, kwa haki.

12 Julai
Mvua. Saba. Chai.

16 Julai
Tumegombana mimi na Garth, na mwisho ulikuwa wa kuchekesha. Anatoa harufu ya kitunguu saumu. Mdomoni, mpaka kwenye jasho la shingo. Nyumba hii haijawahi kununua kitunguu saumu, kwa sababu Merv husema ni chakula cha kufukuzia mbu.

Nikamuuliza, "Unakula wapi?"

"Nakula wapi? Sijatoka kitandani tangu juzi, Renae."

"Basi nani anakuletea piza?"

"Ndiyo, nina mpenzi Colac. Anapita dirishani na piza. Mnene kidogo, inabidi tusaidiane kuvuta."

Alisema hivyo kwa uso mkavu, kama zamani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamnusa tena, nikaacha kucheka.

20 Julai
Kumi wamebaki. Tope limefika magotini kwenye lango la mashariki. Garth hakuamka. Tumbo.

24 Julai
Tumbo bado. Anatapika asubuhi, baada ya chai. Merv anasema ni mafua ya tumbo yanayozunguka. Mimi na Merv hatuna.

27 Julai
Nywele. Nimezikuta bafuni zimeziba tundu la maji, rundo la ukubwa wa panya. Nilimwambia akae kwenye kiti nikapitisha vidole kichwani mwake na zikaja zenyewe, bila kuvutwa, kama manyoya ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Nilibaki nimezishika. Garth aliona uso wangu akasema tu, "Nyingi?"

30 Julai
Nimempigia Daktari Wijeratne. Nimesema maneno ambayo sijawahi kumwambia mgeni. Kwamba alitupa matumaini na huku anamfanya mume wangu panya wa majaribio. Kwamba vidonge vyake vinamnyonyoa.

Hakunijibu kwa ukali. Alisema Garth aache vidonge leo hii, na aletwe Geelong wampime. Akauliza, "Kuna kitu kingine anachomeza au kunywa?"

"Hakuna. Chai tu."

"Mlete kesho, Renae. Tafadhali."

"Damu yetu mmeshachukua ya kutosha," nikasema, nikakata simu. Nimepata nafasi kwa daktari wa Colac, tarehe kumi na sita. Merv alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Akanigusa bega. "Umefanya vyema, binti. Tutamtibu wenyewe hapa nyumbani."

Nilimshukuru. Nilimpikia nyama ya kondoo anayoipenda.

3 Agosti
Vidonge vimeachwa. Hakuna nafuu. Merv sasa anampelekea chai mara mbili.

8 Agosti
Kucha za Garth zina mistari myeupe inayopita katikati, na ya kidole gumba imeanza kung'oka. Harufu imezidi. Nimefungua madirisha na baridi yote hii. Anasema hasikii miguu vizuri.

11 Agosti
Hakuna aliyezaa. Mvua. Ninamchukia yule daktari mwenye skafu. Nalala naye kichwani, naamka naye.

15 Agosti
Haya ni ya jana. Jana sikuweza kuandika.

Baada ya kifungua kinywa Garth alisema anataka kumwona Betri. Nilifurahi. Alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akatembea mpaka zizi la ndama akijishika ukutani. Betri alimjia akamlamba mkono. Garth akasema, "Amenona," kisha akaanguka kifudifudi kwenye tope. Nilimgeuza. Midomo ilikuwa na rangi ya maziwa ya unga. Moyo wake ulikuwa ukipiga ovyo chini ya kiganja changu, ukisimama, ukikimbia, ukisimama.

Gari la wagonjwa lilikuja. Merv alitufuata na gari lake.

Hospitalini Colac kijana mmoja, daktari wa zamu, aliinama juu ya Garth kumsikiliza kifua, akatulia hivyo. Akainua kichwa. "Amekula kitunguu saumu?"

"Hatuna kitunguu saumu nyumbani."

Akamshika mkono, akazitazama kucha. Akamtazama kichwa. "Nyinyi ni wafugaji?"

"Ndiyo."

"Mnatumia seleniamu?"

Nilisema ndiyo, kwa ng'ombe, kila mtu huku anatumia, lakini inafungiwa kabatini na ufunguo anao… Niligeuka.

Merv alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani. Alikuwa amekuja na chai ya nyumbani kwenye chupa ya bati. Alikuwa ameshafungua kifuniko na alikuwa akimimina, taratibu, mkono wake wa kushoto umekinga ili isimwagike.

"Ataamka na kiu," alisema.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka chai ya moto kwenye mkono wangu na chupa ikibingirika sakafuni.

"Mzee. Umetia nini humu?"

"Ile ya ndama," akasema. Alishangaa kwamba nauliza. "Kidogo tu. Nilipima."

"Ulipima vipi?"

"Kwa uzito wake. Kama ndama mkubwa. Halafu nikaigawa siku kwa siku, kwa sababu yeye ameugua miezi, siyo kama ndama wa siku moja. Wiki ya kwanza aliamka, Renae. Ulimwona. Alikamua safu mbili." Akamtazama daktari, kisha mimi, na nikaona jinsi jambo lilivyokuwa likimfikia, polepole, kuanzia machoni kushuka. "Alipozidiwa nikaongeza. Yule mama wa Geelong alisema. Alisema kama ndama."

Kijana yule hakumkaripia. Alichukua chupa akaipeleka maabara. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimwita muuaji, kwenye ukumbi, mbele ya watu waliokuja na watoto wenye kikohozi.

Siku arobaini nimeandika "chai" humu kama baraka.

16 Agosti
Yuko chini ya uangalizi, mashine kifuani. Wanasema hakuna dawa ya kuiondoa seleniamu mwilini. Ni kuacha, kumpa maji, na kusubiri mwili uitoe wenyewe. Hawajasema ataishi. Wamesema "tunatarajia." Askari amekuja, ameandika, ameondoka.

Daktari Wijeratne amekuja kutoka Geelong. Nilitaka kuomba radhi akanitangulia. Yeye ndiye aliyesema, "Nilimjibu nusu mzee wako siku ile. Aliuliza swali la maana na mimi nikacheka." Akakaa nami. Hakuwa na skafu.

18 Agosti
Majirani wanakamua. Moyo wa Garth umetulia. Analala, lakini sasa wanasema ni usingizi wa kawaida.

19 Agosti
Nimerudi nyumbani kubadilisha nguo. Merv yuko kwenye zizi la ndama, amekaa kwenye majani. Jirani anasema hajala tangu siku ile na haongei. Ufunguo wa kabati ameuweka kwenye meza yangu ya jikoni, juu ya kitambaa.

Nilikwenda kumpa chakula kwa sababu sitaki maiti kwenye zizi. Niliweka sahani nikageuka.

"Jumatano ile," akasema.

"Jumatano gani?"

"Niliyokamua. Baada ya kumzika Joyce, mama yake Garth." Hakuniangalia. "Siikumbuki. Watu waliniambia nilikamua. Wala mwaka ule wote siukumbuki. Nilikuwa naamka nimesimama bandani na sijui nimefikaje."

Nilisimama kwenye tope. Kwa miaka kumi na minne mtu huyu ametupiga kwa Jumatano ile kama fimbo, na kumbe hakuwepo. Alikuwa mahali alipo Garth. Alipita kulekule, bila mtu wa kumpelekea hata kikombe.

Sikumsamehe. Nilikaa naye mpaka alipomaliza viazi.

22 Agosti
Nimemwambia Garth. Daktari wa zamu alisema ni bora asikie kwangu. Nilikuwa nimelala na maneno hayo siku nyingi, na hofu yangu ilikuwa moja: kwamba mtu aliyekuwa hataki kuishi ataambiwa baba yake ndiye aliyemtilia sumu, na hapo atageukia ukuta kwa mara ya mwisho.

Nilimweleza yote. Kabati, uzito, kugawa, kuongeza.

Kichwa chake kina viraka kama kondoo aliyenyolewa na mlevi. Kisha akauliza, "Kila siku?"

"Kila siku."

"Yeye mwenyewe? Alipika mwenyewe?"

"Mwishoni mara mbili kwa siku."

"Kwa hiyo aliamini," Garth akasema. "Renae. Aliamini kwamba naumwa."

Na akaanza kucheka. Sikuelewa ni kicheko mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja mbio. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa anacheka, mkono tumboni, akisema "kama ndama, ndama mkubwa," na mimi nilisimama hapo nimeduwaa, sijui nimzuie au nimkumbatie. Sijamsikia akicheka hivyo tangu kabla ya kiangazi.

23 Agosti
Merv amekuja hospitalini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakuvuka kizingiti.

"Ingia, mzee," Garth akamwambia. "Sina nguvu za kukukimbia."

Aliingia. Merv aliuvuta mguu wa Garth chini ya blanketi, akaupapasa paja, kama alivyompapasa Betri, na akauacha mkono wake hapo.

2 Septemba
Garth yuko nyumbani. Ng'ombe wa mwisho amezaa, dume. Jua.

7 Septemba
Nisijidanganye. Hajapona. Sumu inatoka lakini sonona ipo palepale ilipokuwa. Jana hakuamka. Daktari Wijeratne anasema vidonge vilivyoachwa huenda vilikuwa dawa, huenda vilikuwa vitupu, na yeye mwenyewe hajui. Damu ya kwanza, ile ya kabla ya chai, bado wanayo na wanaisoma. Tumemwambia aendelee nayo.

Merv amekubali kwenda kwa daktari wa Colac, Alhamisi. Amesema anakwenda kuangaliwa goti.

11 Septemba
Asubuhi nilisikia birika. Nikadhani ni Merv, nikakimbia jikoni bila viatu.

Alikuwa Garth. Amevaa koti juu ya nguo za kulalia, kofia ya sufu kuficha viraka. Alitia majani, akatia sukari mpaka kijiko kikasimama. Merv alikuwa ameketi mezani. Garth akamwekea kikombe mbele yake.

Mzee alikitazama muda mrefu.

"Kuna nini humu?" akauliza.

"Kunywa tu, mzee," Garth akasema. "Nimepima."

Nikashika ukingo wa sinki. Kisha Garth akarudi kulala, na Merv akainua kikombe kwa mikono miwili akanywa yote, mpaka majani ya chini.